Taarifa Arobaini za Kukanusha

Ninayo heshima na taadhima kuutangazia umma kwamba mfumo wa kukanusha habari kabla hazijatokea ulibuniwa na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Habari na Mawasiliano, nikiwa katika mafunzo kwa vitendo. Wapo watakaojaribu kujipachika sifa hii. Wasikilizwe kwa adabu, kisha wapuuzwe.

Wenzangu walipelekwa kwenye magazeti na redio. Barua zangu mimi hazikujibiwa, nikapangiwa Ofisi ya Mawasiliano ya chuo chetu wenyewe, chumba kilichowahi kuwa stoo ya viti vibovu. Viti bado vilikuwemo. Nilipewa chenye miguu mitatu, nikakiegemeza ukutani na kujiona mtumishi wa umma. Nilitakiwa kukaa pale wiki nane, kisha Mkuu wa Chuo anisainie fomu ya mafunzo. Bila sahihi hiyo hakuna mahafali, na mama yangu, fundi cherehani, alikuwa ameshashona gauni la kuvaa siku hiyo na kuwaonyesha wateja wake wote.

Kazi ya ofisi ilikuwa moja tu, kukanusha. Maji yakikatika mabwenini, tunabandika taarifa ubaoni, pale getini, kwamba si kweli maji yamekatika. Tatizo letu lilikuwa kasi. Taarifa ilichapwa, ikapelekwa kwa Mkuu, ikalala mezani kwake siku nne, na iliporudi na sahihi maji yalikuwa yamesharudi. Tukajikuta tumesema kweli. Ilikuwa aibu kubwa kwa taaluma.

Ndipo nikamwendea bosi wangu, Afisa Mawasiliano, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Si-Kweli.

"Mzee, kwa nini tusubiri jambo litokee?" nikamwambia. "Tukanushe muhula mzima kwa mpigo. Tuandike yote yanayoweza kuharibika, Mkuu asaini mara moja, ziwekwe kwenye faili. Likitokea, tunabandika tu."

Machozi yalimlengalenga. "Mwanangu," akasema, "miaka kumi na tisa nipo humu ndani, na hakuna aliyewahi kufikiria."

Tukauita Mpango Mkakati wa Ukanushaji Tangulizi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba kwa karatasi. Niliandika taarifa arobaini kwa siku tatu. Si kweli kwamba ukuta wa maktaba umeanguka. Si kweli kwamba studio ya redio ina maikrofoni moja, nayo haifanyi kazi. Si kweli kwamba bweni la wasichana halina mlango. Nilipofika ya thelathini na tisa mawazo yakaniishia, na mimi napenda hesabu kamili, nikaandika ya arobaini: Si kweli kwamba Mkuu wa Chuo ameondolewa madarakani.

Mkuu alizisaini zote huku akiongea na simu, akizifunua pembeni tu kama mtu anayehesabu shuka za dobi. Nilitoka pale natembea kwa maringo.

Jioni mama akapiga. "Mwanangu, hivi huko unasomea nini hasa?"

"Ukanushaji tangulizi, mama."

"Yaani kukataa?"

"Kwa niaba ya taasisi."

"Kukataa ulikujua una miaka minne, sukari imekujaa mdomoni. Mimi ningekuacha nyumbani tu."

Nilisikitika kwamba mama hakufika chuoni. Hata hivyo wateja wetu walitupenda. Mpishi wa chuo alinisimamisha kila asubuhi. "Eti bwana mdogo, leo mmekanusha nini? Kama ni maji, nijaze mapipa mapema." Nilimweleza kwamba taarifa zetu hazikusudiwi kueleweka hivyo. Akacheka. "Lisemwalo lipo, baba. Kama halipo, laja."

Wiki ya saba Mkuu alisafiri kwenda kwenye kongamano la viongozi wasikivu. Akiwa ameshaingia garini, alishusha kioo na kuniita.

"Zile taarifa nilizosaini, zibandike zote. Sitaki kupigiwa simu huko niliko."

"Zote, mheshimiwa?"

"Kijana, wewe ni kiziwi?"

Mimi si kiziwi. Nikazibandika zote.

Kufikia saa nne ubao ulikuwa umezungukwa. Wanafunzi walikimbilia ndoo. Maktaba ikahamwa, ingawa ukuta wake ulikuwa mzima. Kisha mtu mmoja akasoma ya arobaini kwa sauti. Saa sita Makamu wa Mkuu alikuwa ameshahamishia kikombe chake ofisini kwa bosi wake, kwa uchungu mkubwa, na kwa muda tu. Niliwaeleza watu kwamba Mkuu hajaondolewa. Wakanipa pole, wakasema wanaelewa, ndiyo kazi yangu.

Bodi ya Chuo ikakutana kwa dharura. Mwenyekiti, kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao, aliuliza swali moja: "Kama ofisi yake mwenyewe imeshakanusha, sisi ni nani tubishe?" Wajumbe wakaandika barua ya kumwondoa, wasije wakaonekana wamechelewa kuliko ubao.

Mkuu alirudi mbio siku ya tatu. Mlinzi hakuinua kizuizi.

"Fungua! Hunijui?"

"Nakujua sana, mzee wangu. Shikamoo." Mlinzi akampa barua ya Bodi kwa mikono miwili. "Lakini mimi nafuata maagizo. Kama una swali, ubao ule pale."

Niliitwa. Nilimkuta Mkuu amesimama juani mbele ya ubao, begi miguuni, anasoma. Alianza na ya kwanza, akateremka taratibu, kidole juu ya karatasi. Wanafunzi wenye ndoo walimpisha, wakapita.

"Bweni la wasichana halina mlango?" akaniuliza.

"Tangu mwaka juzi, mheshimiwa."

"Na maikrofoni?"

"Haifanyi kazi. Tunajifunza kusoma habari tukiwa tumeshika kijiko."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

Nikamwonyesha sahihi yake chini ya kila karatasi. Nilimwonea huruma, kweli, lakini nilikuwa na wiki moja tu iliyobaki, na fomu ilitaka sahihi ya aliyekuwa Mkuu nilipoanza mafunzo. Nikaitoa mfukoni nikampa na kalamu. Nilikuwa nimeshaijaza mwenyewe, kila mstari, ili nisimchoshe.

Akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza. Nikaona anafunua hata wa pili.

"Hapa umeandika kwamba kwa wiki nane umejifunza kuujulisha umma ukweli."

"Ndivyo fomu zinavyojazwa, mheshimiwa."

"Siwezi kusaini uongo."

"Mheshimiwa, pale ubaoni umesaini arobaini!"

"Zile," akasema, akinirudishia fomu yangu, "sikuzisoma."