Spesa za Harusi ya Caroline

Jumatatu, 7 Oktoba

Jumamosi mdogo wangu Caroline anaolewa. Tangu akiwa darasa la tatu nilimwahidi: siku ya harusi yako nitakuendesha mimi. Hajasahau. Mimi ndiyo kabisa sijasahau. Kamati imeshalipitisha gari langu. Nimelishusha mpaka paka hapiti chini.

Leo Pratik, jirani yangu wa duka la mapazia hapa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kalizunguka mara mbili. Kasema ni zuri, ila tairi zimezama ndani, kama gari limezimeza. Akaondoka anapiga mluzi. Yeye ana lile gari jeupe la baba yake, mzee Vasant, lisilobadilishwa hata kifuniko cha rimu. Eti limezimeza! Mchana sikula.

Jumanne, 8 Oktoba

Dawa imepatikana! Spesa. Vyuma vya duara, unaviweka nyuma ya rimu, tairi inatokeza nje. Nikaenda Buguruni kwa fundi Shomari. Kanionya: gari lililolala hivi, ukitoa tairi nje halafu ukapakia watu, madigadi yatazikwangua. Kashauri nilipandishe kidogo. Nilipandishe! Siku nne kabla ya harusi, nionekane nabeba viazi? Nikamwambia afunge nene kuliko zote.

Jamani! Gari limekaa. Limetanua mabega. Nimepita mbele ya duka la Pratik mara tano. Mara nne za kwanza hakuwepo.

Jumatano, 9 Oktoba

Shangazi Severa, mwenyekiti wa kamati, kataka majaribio. Kasema kamati haimpeleki bibi harusi kanisani kwa imani tu. Nyuma akakaa yeye, na msimamizi Angela, na mama mmoja wa kamati badala ya Caroline. Nikawasha. Mita ishirini hazijaisha: kwaruuu! Harufu ya mpira. Shangazi akauliza nani anaunguza. Tuta la kwanza: kwaruuu! Wabeba mizigo wakaanza kushangilia.

Nikawaomba washuke, nivuke tuta, wapande tena. Wakashuka. Tuta la pili nikawaomba tena. Shangazi akauliza Caroline anaolewa au anaenda jeshini. Akarudi kwa bodaboda. Shangazi yangu, kwa bodaboda, na sare ya kamati!

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeligundua tatizo. Siyo spesa, ni uzito. Nikaazima mizani ya duka la nafaka. Gauni la Caroline peke yake kilo sita! Nikamshauri alivae akishafika. Akalia. Nikamuuliza Angela, kwa heshima zote, ana kilo ngapi. Haongei na mimi tena. Shangazi nikampa shikamoo tatu, akaitikia moja. Nikamwambia mizani hii nina wasiwasi nayo, hebu apande kidogo tuipime. Kasema yuko Kariakoo kabla sijazaliwa, mizani anazijua, na wajinga anawajua.

Jioni Caroline kapiga simu. Hakugomba, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kasema ananitaka mimi, spesa hazitaki. Nizitoe tu, na kamati imekubali nimwendeshe. Nimelia kidogo. Kesho natoa. Naapa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimefika kwa Shomari asubuhi. Jeki ishapandishwa. Mara vijana wanne wa kuosha magari wakaja, wakaomba kupiga picha na gari langu. Mmoja alilala chini kabisa, kwenye matope, apate picha nzuri. Kwenye matope!

Nikamwambia Shomari ashushe jeki. Nikanunua vipande viwili vya raba nene, nikavipachika katikati ya spring za nyuma ili gari lisizame. Akili hizo!

Saa kumi, nimesharudi Mtaa wa Kongo, kamati ikaja kukagua. Shangazi hakuinama kuangalia chochote. Alikaa tu kiti cha nyuma. Raba zikachomoka, moja ikarukia dukani kwa Pratik ikaangusha pazia. Pratik akairudisha mwenyewe, kwa adabu, pamoja na funguo za gari la baba yake. Kasema mzee ameridhia, nimwendeshe dada yangu kwa lile.

Nikakataa. Mimi? Na gari la tairi za kawaida? Kamati ikaamua palepale: Pratik ataendesha. Mimi nikapewa kubeba ndafu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimempakia mbuzi mzima wa kuchoma, majani mdomoni, nikamfunga mkanda kiti cha nyuma. Matuta tisa kutoka Buguruni alikochomwa mpaka ukumbini. Haikusikika hata kwaruuu moja! Watu wanapiga picha.

Kwenye taa, msafara ukanikuta. Caroline akashusha kioo cha gari la mzee Vasant, akanipungia. Akamwona mbuzi aliyekaa mahali pake. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akapandisha kioo. Imeniuma. Sijifichi, imeniuma sana.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa nimemwomba Caroline msamaha. Kasema yamekwisha, mimi bado kaka yake. Nikamwahidi upya, mbele ya mumewe: mtoto wao wa kwanza, siku ya ubatizo, nitamwendesha mimi. Akanikumbatia. Mara hii sitamwangusha.

Nimekaa nimepiga hesabu. Mbuzi yule alikuwa na kilo ishirini na gari halikulalamika. Mtoto mchanga ana ngapi? Tano? Nimempigia Shomari. Kasema mzigo mpya wa spesa umeingia, kuna nene zaidi.