Presha ya Pampu Namba Nne

Jumatatu, 9 Juni
Fundi mkuu wa kituo chetu cha mafuta anastaafu Ijumaa. Kiti chake ni changu! Tatizo dogo: fundi mwenzangu, Miwani, naye anakitaka. Tatizo kubwa: jana nilimwambia mama mkwe kwamba nimeshapewa. Alipiga vigelegele, akasema Ijumaa anakuja kuniona kazini. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 10 Juni
Bosi katangaza mtihani. Keshokutwa kila mmoja atafungua pampu moja ya dizeli mbele yake, asafishe chujio, aifunge. Nimemchungulia Miwani akijizoeza. Anazima umeme, anafunga valvu, anamwaga mafuta yaliyobaki kwenye ndoo, anakodolea geji hadi mshale ulale kwenye sufuri. Yamekwisha? Wapi! Analegeza bolti moja nusu mzunguko, anatega sikio. Nusu saa nzima! Nikamuuliza anasikiliza redio gani. Akasema anasikiliza kama presha imeisha kweli. Mwoga kupindukia.

Jumatano, 11 Juni
Nina akili mimi, basi tu. Saa saba, wenzangu wakila, nimeizima pampu namba nne na kushusha presha kimyakimya. Mshale sufuri. Safi! Kesho naifungua papo hapo, Bosi abaki mdomo wazi. Kibao cha "Imefungwa" sikuweka. Kingeniumbua.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa! Miwani alimaliza kwa dakika arobaini, watu wakipiga miayo. Zamu yangu, pampu namba nne. Nikajipiga kifua, nikamwomba Bosi asogee aone vizuri. Geji sikuitazama, ya nini? Nikafungua bolti zote nne kwa mkupuo. Dizeli ikaniruka usoni, ikafika hadi kwenye suti ya Bosi, ile ya rangi ya krimu. Miwani ndiye aliyekimbilia swichi.

Kumbe asubuhi dada anayeuza mafuta aliikuta pampu imezimwa, hakuona kibao, akaiwasha akamjazia mtu lori. Nikamgombeza kwa kujituma bila kuambiwa. Bosi akaniambia ninyamaze. Akasema ingekuwa petroli, na cheche moja tu, sasa hivi watu wangekuwa wanatulilia. Niliogopa, nakiri. Kidogo.

Ijumaa, 13 Juni
Funguo za fundi mkuu kapewa Miwani. Mimi nimepewa kiti cha plastiki: mwezi mzima, kila pampu inaposhushwa presha, nikae mbele ya geji na kuandika mshale umesimama wapi. Wenzangu wamecheka hadi machozi.

Mama mkwe huyo, kapendeza kweli! Akauliza mbona nimekaa tu. Nikasema fundi mkuu hashiki spana, anasimamia. Nikageuka. Miwani yuko nyuma yangu, kasikia yote. Nilikufa! Akanitazama kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu mshale umefika wapi, mkuu. Nikasema sufuri. Nusura nilie.

Mama mkwe alivimba kwa fahari. Akasema jiko lake la gesi linavuja tangu juzi, na mafundi wote amewafukuza akinisubiri mimi. Jumapili nakwenda. Nimemwambia asihangaike kufunga mtungi. Dakika tano tu.