Hotuba ya Mkurugenzi Siku ya Kumhamisha Mkalimani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Wakuu wa Idara, Wakuu wa Vitengo na Makaimu wao. Mwalimu Mkuu wa shule yetu ya wasioona pamoja na wanafunzi wako. Wadau wote wa teknolojia, na wale mlioingia kwa sababu nje kuna jua kali. Na kwa heshima ya pekee kabisa, Mama Mkwe wangu uliyekaa mstari wa mbele, shikamoo. (Mama mkwe: "Marahaba, baba. Usirefushe.") Niliyemsahau ajihesabu ametajwa.

Ndugu zangu, nasimama hapa kama Mkurugenzi wa Mifumo kutoa taarifa ya utekelezaji wa Mradi wa Kuhamishia Lugha za Programu kwenye Mfumo Huria, mradi ambao, bila kujisifu, nitausifu mimi mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza. (Kicheko.)

Kwa faida ya wasio wataalamu, kama nilivyokuwa mimi hadi juzi, nieleze chanzo chake. Mama Mkwe wangu, kabla hajastaafu, alikuwa mtunga programu wa idara hii, na ndiye aliyetunga programu inayogeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu, zile wanazosoma kwa vidole wanafunzi waliopo hapa, na kila kitabu chao kimepitia kwenye programu hiyo. (Makofi.) Sasa, katika kwenda na wakati, idara ilileta kompyuta mpya zenye mfumo huria, wa ukoo wa mfumo wa kompyuta uitwao Yuniksi, ambao hauna mwenyewe, yaani kila mtu anaruhusiwa kuufungua, kuuchungulia na kuurekebisha. Tukaiweka humo programu ya Mama. Ikatukodolea macho. Kumbe ile lugha ya zamani aliyoitungia, kompyuta haiielewi bila programu nyingine ya kuitafsiri, iitwayo mkalimani, na mkalimani wa lugha hiyo alikuwepo kwenye mfumo wa zamani tu.

Hapo ndipo uongozi makini ulipojidhihirisha. Nilipopata dokezo la fundi wetu wa kompyuta lenye maneno "mkalimani ahamishwe haraka," niliagiza palepale atafutiwe gari, na chumba chenye chandarua na maji ya moto. (Kicheko kirefu.) Chekeni tu. Dereva wangu alishinda stendi ameshika bango la "Karibu Mkalimani" hadi mikono ikamfa ganzi. Fundi akaja ofisini, akafunga mlango taratibu, akaniambia, "Bosi, mkalimani si mtu." Nikamjibu, "Hata kama ana tabia mbaya, tusimtukane kabla hajafika." (Kicheko. Fundi anajifunika uso.)

Tangu siku hiyo hatukulala. Tulifanya semina elekezi, tukafanya warsha ya kutathmini semina, tukaunda mkakati shirikishi wa kuujengea uwezo mkakati uliotangulia, na uelewa wa wadau ukapanda kwa asilimia mia moja na nne, kiwango ambacho wataalamu wenyewe wamekiri hawajawahi kukiona. (Mwanafunzi wa kike, katikati ya ukumbi: "Mkurugenzi, na vitabu vya hisabati? Tunasoma sita kitabu kimoja. Vidole vinagongana.") Swali zuri sana, binti yangu, na jibu lake liko mezani. Leo, mbele ya macho yenu, na masikio ya wale wenye kutumia masikio, kompyuta mpya itachapa sura ya kwanza. Fundi, bonyeza.

(Mashine ya kuchapa inagonga. Karatasi inatoka. Makofi, vigelegele.)

Mwalimu wa hisabati, tafadhali tusomee. (Mwalimu anapitisha vidole: "Sura ya kwanza. Sehemu na desimali. Iko safi kabisa, Mkurugenzi. Ila huku juu imejiandika tarehe ya kuchapwa, nayo ni ya kabla mimi sijaoa.") Mwalimu, hilo ni suala la kisera. (Mama mkwe: "Si sera, baba. Hiyo ni saa ya mashine yangu ya zamani, imekwama miaka mingi. Karatasi hiyo haikutoka kwenye mashine mpya.")

(Mtu anakohoa.)

Mama, kuna mambo ya mtu na mkwewe ambayo ni vizuri tukayazungumzia nyumbani. (Mama mkwe: "Nyumbani hawapo hawa watoto. Sema.")

Ndugu zangu, uwazi ni nguzo ya idara hii, na mimi nguzo hiyo naishika hata jasho linaponitoka kama hivi. Ni kweli, mkalimani hajahama, na karatasi imetoka kwenye mashine ya Mama, ambayo imezeeka sasa. Asubuhi hii imezimika na kuwashwa mara kadhaa, na siku itakapogoma moja kwa moja, wanafunzi hawa watabaki bila kitabu hata hicho kimoja. Nililijua hilo, na niliogopa kumwambia Mama. (Mama mkwe anasimama: "Mkalimani wangu ninaye, kwa maandishi yake yote ya programu. Pale anapozungumza na mfumo wa zamani ndipo pa kuandika upya, kwingine anabaki alivyo. Jumatatu nakuja na wenzangu wawili wa zamani, na fundi wako akae nasi. Wewe tupe chumba, na usituitie semina.") (Makofi kupita yote yaliyotangulia. Wanafunzi wanagonga meza.)

Nakubali, kwa niaba yangu binafsi. Mfumo! (Umati: "Huria!") Vidole! (Umati: "Visome!") Semina! (Umati: "Basi!")

Kwa kumalizia, namshukuru fundi, aliyeikokota mashine ya zamani hadi chumba cha pili na kupitisha waya dirishani mpaka kwenye mashine hii ya kuchapa. Naishukuru Kamati ya Mradi, ambayo haijateuliwa, na Ofisi ya Mradi, ambayo ni stoo ya mafagio. Na nawashukuru nyote kwa kuja kusherehekea kukamilika kwa mradi ambao haujawahi kuwepo, na ambao sasa, kwa hisani ya mkwe wangu, unaanza Jumatatu. Asanteni sana.

(Mama mkwe: "Saa mbili asubuhi, baba. Uje kutufungulia mwenyewe.")