Mkufu Wangu na Mionzi ya Dada

Jumatatu, 3 Machi
Dada kaanza mionzi leo. Uvimbe wa shingo, vipindi ishirini. Msindikizaji mkuu: mimi. Fundi wa mionzi ni jamaa mrefu asiyejua kucheka, kazi yake kusema vua. Vua hereni, vua saa, vua miwani. Nimembatiza Bwana Vua. Kaniambia nisubiri nje. Mimi! Mtu niliyezima moto wa jenereta kwa koti langu mwenyewe!

Jumanne, 4 Machi
Mpwa wangu, bintiye dada, yuko maabara. Kanieleza kazi yao huku anamenya viazi. Wanachukua chembe za dhahabu, ndogo hata vumbi ni jabali mbele yake, wanaziingiza kwenye seli za saratani ndani ya visahani, kisha wanapiga mionzi. Dhahabu inaidaka mionzi na kuitawanya humo humo. Seli gonjwa inakiona cha moto. Niliruka kitini! Akaongeza eti dhahabu ikiingia seli nzima, nayo inaumia. Eti hapo ndipo wanapokuna vichwa. Eti bado ni visahani tu, mjomba, usije ukafanya lolote.
Seli nzima! Seli mimi nimelala siku mbili, kwa kusingiziwa, na haikuwa nzima hata kidogo. Mlango kutu tupu. Leo mtoto anifundishe seli?
Yeye ana visahani. Mimi nina mkufu.

Jumatano, 5 Machi
Nimeusaga mkufu wote kwa tupa. Saa tatu! Vidole vimekufa ganzi. Vumbi linameta, acha tu. Nimelikoroga na mafuta ya mgando. Dada kauliza ni nini. Nikasema ya kulainisha ngozi, daktari kaipitisha. Si uongo. Daktari wa mifugo ni rafiki yangu, na mkufu ule aliwahi kuusifu.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi nikampaka dada shingo nzima, bila ubahili. Maafa! Nachungulia mlangoni, Bwana Vua kamlaza, anataka kumvisha kile kinyago cha plastiki cha kumshika kichwa kisitikisike, akaona shingo inang'aa kama sufuria mpya. Akamwambia avue. Avue nini, ngozi? Nilicheka peke yangu.
Kumuosha dakika arobaini. Chembe zimemkwaruza, shingo nyekundu. Kipindi kimeahirishwa hadi Jumatatu. Daktari kasema kila siku inayorukwa, uvimbe unapumua. Nyumbani dada alijitazama shingo kwenye kioo. Kisha akasema, taratibu, kwamba anataka kuishi, na mimi nisimguse tena.
Sikula. Yaani, nilikula kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Mpwa kapeleka vumbi langu likapimwe. Karudi na jibu: shaba. Shaba! Mkufu niliopewa na mfalme niliyemvusha mto wa mafuriko mgongoni! Basi lawama ziende kwa mfalme. Nimemwambia mpwa hivyo. Kanitazama, kaenda kulala.

Jumatatu, 10 Machi
Dada kaenda na mpwa. Nimepigwa marufuku hata kukaa chumba cha kusubiri. Sawa. Nimesimama getini na mwavuli tangu wanaingia hadi wanatoka, ili wajue nipo. Mvua haikunyesha. Mlinzi wa geti kauliza kama nauza miavuli. Kesho nasimama tena. Na keshokutwa. Geti si lao.

Jumanne, 1 Aprili
Kipindi cha ishirini! Daktari kapima: uvimbe umesinyaa zaidi ya nusu, na unaendelea. Dada alitoka analia na kucheka. Kamkumbatia mpwa, kamkumbatia Bwana Vua (!), mimi wa mwisho, ila mimi alinishika muda mrefu zaidi. Akasema asante kwa kusimama.
Kwa kusimama! Nikatabasamu tu. Ajabu gani: wao wamehangaika na dhahabu miaka yote, kumbe shaba kidogo iliyobaki kwenye vinyweleo imemaliza kazi. Sikumwambia mpwa, asijisikie vibaya. Nilimwambia mlinzi. Akakubali papo hapo, akanionyesha goti lake lililovimba.
Goti, nikamweleza, ni kazi ya bati. Kesho alfajiri nakwangua paa la jikoni, kabla dada hajaamka.