Mhandisi wa Mvuke na Mashine Kumi na Mbili

Kabla hajawa Mhandisi wa Mvuke, bwana huyu alishakuwa mkaguzi wa mita za maji, dalali wa viwanja visivyokuwepo na, kwa wiki mbili tu, daktari wa meno. Fani zote hizo alizisomea sehemu moja: kichwani mwake, akiwa njiani kwenda kwa mteja. Kwa hiyo asubuhi ile, alipopita nyuma ya jengo la ghorofa sita akiwa kwenye pikapu ya shemeji yake, akaona pipa la taka limefurika maboksi mapya, hakulipita kama mimi na wewe ambavyo tungelipita.

"Simamisha gari," alisema.

"Taka hizo," shemeji alimwambia.

"Wewe unaona taka. Mimi naona watu."

Maboksi yalikuwa kumi na mawili, yote yamechorwa mashine ya kahawa ya espreso ya nyumbani, inayong'aa na yenye vitufe vingi kuliko mahitaji. Mashine zenyewe hazikuwemo. Kilichobaki ndani ni vijitabu vya maelezo, bado vimo kwenye nailoni zake, havijaguswa na mkono wa binadamu.

Mlinzi wa getini, ambaye hakuulizwa, alieleza kila kitu. Shirika lililojenga jengo hilo lilikuwa limewastaafisha watu kumi na wawili, wote wakazi wa humo, kwa mpigo, na jana yake liliwakabidhi asante yao: mashine ya kahawa kwa kila mmoja. Wote walizipandisha nyumbani na kuziwasha jioni ileile, maana hakuna aliyetaka harufu ya jirani itangulie ya kwake.

"Jana ileile? Wote?" Bwana wetu aliuliza, macho yamemtoka.

"Wote. Umeme ulikatika mara mbili."

Alivikusanya vijitabu akavihesabu: kumi na kimoja. Cha kumi na mbili alikitafuta kwa sekunde tatu, akaamua kimeliwa na panya, akaachana nacho. Halafu aliketi kwenye benchi mbele ya jengo akasoma kimoja chote, kuanzia dhamana ya miaka mitano iliyoandikwa kwenye jalada hadi onyo la mwisho la kutoiosha mashine ndani ya bafu. Alisoma saa mbili nzima, akipigia mistari. Kuna watu wamepata shahada kwa bidii ndogo kuliko hiyo.

Kwenye ukurasa wa kumi na saba alicheka peke yake. Ukurasa huo ulisema kwamba siku thelathini baada ya mashine kuwashwa mara ya kwanza, taa ya rangi ya chungwa itawaka yenyewe. Si ubovu. Ni ukumbusho tu kwamba chokaa ya maji imeanza kujikusanya ndani na wakati wa kuisafisha umefika. Ukisafisha, taa inazima.

"Shemeji," alisema, "baada ya siku thelathini, mashine kumi na mbili zitawaka taa asubuhi moja. Watu watachanganyikiwa. Na pikapu yako itakuwa hapo chini."

Mteja wa kwanza alikuwa Mkurugenzi, wa ghorofa ya pili. Kazini aliwahi kuongoza idara ya watu watatu, mmoja wao akiwa yeye, lakini cheo alirudi nacho nyumbani. Alifungua mlango akiwa na tai, na nyuma yake kulinuka maziwa yaliyoungua.

"Shikamoo mzee. Mhandisi wa Mvuke, huduma ya bure kwa wateja wapya."

"Marahaba. Bure kabisa?"

"Bure kabisa."

Mlango uliachama. Neno hilo limefungua milango mingi kuliko funguo.

"Mashine hii ni mbovu," Mkurugenzi alilalamika. "Inatoa uji."

Mhandisi alifunua tangi la maji. Lilikuwa limejaa maziwa.

"Mzee, haya umeyaweka wewe?"

"Mimi napenda kahawa ya maziwa," Mkurugenzi alijibu kwa heshima yake yote.

Mhandisi hakucheka, na hapo ndipo unapomjua bingwa. Alitikisa kichwa polepole, akasema ni kosa linalofanywa na watu wenye akili nyingi tu, na kufikia Jumapili jengo zima lilikuwa linamwita "mhandisi wetu". Darasa lilifanyika chini, kwenye ukumbi wa mikutano ya wapangaji. Aliwafundisha kusaga kahawa laini, kuijaza kwenye kichujio chenye mpini, kuishindilia ikae sawa, kuufunga mpini kwenye mashine na kuhesabu hadi ishirini na tano huku kahawa ikishuka nyembamba. Aliwafundisha kuchovya bomba la mvuke kwenye maziwa mpaka yatoe povu. Alifundisha vizuri, maana yote yalikuwa kijitabuni.

Sura moja tu aliiruka. Ile ya kusafisha.

Mwanafunzi mmoja alikuwa mama mkimya wa ghorofa ya nne. Walimwita Bi Masjala, kwa sababu kwa miaka thelathini na moja alikuwa msimamizi wa masjala ya shirika, na hakuna karatasi iliyopita kwake bila muhuri. Alikaa nyuma na daftari. Katika mwezi mzima aliuliza swali moja.

"Na kusafisha, mwanangu?"

"Mama yangu, mashine ya kisasa inajisafisha yenyewe."

Bi Masjala aliliandika jibu hilo, akaweka tarehe, akampelekea asaini. Mhandisi alisaini kwa madaha, akijua kabisa kwamba maziwa yanagandia kwenye mabomba na masalia ya kahawa yanaota ukungu kwenye trei.

Siku ya thelathini, saa moja asubuhi, simu yake iliita mfululizo.

"Mhandisi! Yangu imewaka taa!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Na ya jirani! Na ya jirani wa jirani!"

"Rangi gani?"

"Ya chungwa!"

Mhandisi alishusha sauti, kama daktari anayetaka kuuliza kama mgonjwa ana ndugu wa karibu. "Msiziguse," alisema. "Zishusheni ukumbini. Nakuja."

Alifika na koti jeupe, lile la enzi za meno. Shemeji aliegesha pikapu mlangoni, injini ikiunguruma, kwani mwenye mgahawa mmoja mpya alikuwa anazisubiri mashine hizo saa nane mchana, zote kumi na mbili, bila maswali. Juu ya meza ndefu zilipangwa mashine kumi na mbili, taa kumi na mbili zikimkodolea macho. Wenyewe walisimama nyuma yake kama wamekuja kupokea maiti.

Aliinama, akasikiliza mashine ya kwanza kwa sikio. "Homa ya chokaa," alitangaza.

"Mungu wangu," alisema Mkurugenzi. "Inaambukiza?"

"Kwa waya wa umeme. Mwaona zimewaka siku moja? Moja ilianza, ikaziambukiza nyingine." Akamtazama Mkurugenzi kwa huruma. "Sitasema ni ya nani. Lakini kuna moja ilinyweshwa maziwa."

Wote walimgeukia Mkurugenzi, naye akaikaza tai yake bila sababu.

"Dawa ni karantini," Mhandisi aliendelea. "Siku tatu, kwenye maabara yetu. Zikibaki hapa zitapasuka. Gari liko nje, tupakie."

Walishaanza kunyanyua. Kusema kweli, wengine walikuwa wanalengwalengwa na machozi. Hapo Bi Masjala aliinuka na daftari lake, akajisimamisha katikati ya mlango. Alikuwa mama mdogo wa umbo, lakini mlango wote ulijaa.

"Hatukatai karantini," alisema. "Ila kitu hakitoki bila utaratibu. Miaka thelathini na moja, na hiki ndicho walichonipa mkononi. Sikukipenda sana, lakini ni changu. Kitambulisho chako, mwanangu. Utakichukua ukizirudisha."

Mhandisi alitoa kitambulisho kwa tabasamu. Bi Masjala alikinusa.

"Gundi ya picha hii bado mbichi. Kingine."

Tabasamu lilipungua. Alitoa cha pili.

"Hapa umezaliwa tarehe thelathini na moja Juni. Juni ina siku thelathini. Kingine."

Mhandisi alitazama mlango, akatazama mashine kumi na mbili zinazong'aa. Akajiambia ni bibi tu wa makaratasi, apewe karatasi yake anyamaze, kitambulisho kinapotea na kinatengenezwa kingine. Tamaa ilimshika mkono, akatoa cha tatu. Kile cha kweli.

Bi Masjala alikisoma pande zote mbili, akakigonga muhuri alioutoa kwenye pochi, akakitia kifuani. "Sasa zioshe."

"Nini?"

"Kwenye maabara ya watu hatupeleki vyombo vichafu. Trei, mipini, vichujio, mabomba. Sinki ile pale."

Shemeji alipiga honi nje. Mhandisi alivua koti. Alifikiri ni kazi ya nusu saa.

Trei ya kwanza ilikuwa na ukungu wa kijani, na ya pili ilikuwa na ukungu wenye manyoya. Mabomba ya mvuke yalikuwa yamezibwa na maziwa ya mwezi mzima, magumu kama saruji, akayazibua tundu kwa tundu na pini ya nywele ya Bi Masjala. Tangi la Mkurugenzi alilifungua akiwa amegeuza uso, na hata hivyo alilazimika kutoka nje mara mbili kuvuta hewa. Kila alipomaliza mashine, Bi Masjala alipitisha kidole, akakitazama, akasema, "Rudia."

"Mama, hii si ilikuwa inajisafisha yenyewe?" mmoja wa wastaafu aliuliza.

"Nina saini yake," Bi Masjala alisema.

Ilipogonga saa nane, Mhandisi alikuwa amelowa mpaka soksi, vidole vimekunjamana, na mashine zilikuwa zinang'aa kuliko siku zilipotoka kiwandani. Ila taa zilikuwa bado zinawaka. Alijipa moyo.

"Mmeona wenyewe," alisema akihema. "Uchafu umetoka, homa iko palepale. Tupakie."

"Bado hatua moja," Bi Masjala alisema, na kutoka kwenye pochi ileile akachomoa kijitabu. Kilikuwa kimetiwa jalada la plastiki, na mbele kimegongwa muhuri: KIMEPOKELEWA, na tarehe. "Tusomee ukurasa wa kumi na saba. Kwa sauti, wengine masikio yetu yamezeeka."

Mhandisi alikitazama kijitabu cha kumi na mbili. Panya, kumbe, hakuwa amekula kitu.

Alisoma. Alipofika kwenye "si ubovu", wastaafu walitazamana. Alipofika kwenye "taa inazima", Mkurugenzi alikuwa ameanza kukunja mikono ya shati.

"Kaeni chini," Bi Masjala aliwaambia wote. "Mwanangu, unga wa limau wa kuyeyusha chokaa ule pale, maji yale pale. Anza na yangu."

Hakuwa na la kufanya. Alikoroga, akamimina, akabonyeza kitufe alichoelekezwa na kijitabu alichokijua kwa moyo. Mashine ilinguruma, ikatapika maji meupe mara tatu, ikanyamaza. Taa ikazima. Ukumbi ulipiga makofi. Akahamia ya pili, ikazima. Ya tatu. Nje, honi ya pikapu ilipigwa kwa hasira, kisha injini ikasikika ikiondoka. Shemeji ni ndugu wa mke, si wako.

Taa ya mwisho ilipozima, saa kumi jioni, hapakuwa na mgonjwa hata mmoja wa kupeleka maabara.

"Ulijua tangu lini?" Mhandisi aliuliza, ameketi sakafuni.

"Tangu siku ya kwanza. Dirisha langu linatazama benchi lile."

"Sasa mbona hukuita polisi?"

"Polisi watanisafishia mashine?" Bi Masjala alimwekea kikombe cha espreso mbele yake, na kilikuwa kizuri, maana alifundishwa vizuri. "Jengo zima hili lina wasomi. Mkurugenzi huyo ana digrii mbili. Hakuna aliyekifungua kijitabu. Nikachungulia, nikamwona mtu amekaa juani saa mbili anakisoma chote na kupigia mistari. Nikasema, huyo ndiye mtu wetu. Ungeomba kazi, tungekupa. Ulivyokuja kwa njia yako, tumekupata bure."

Mhandisi alikunywa kikombe chote. Alikuwa ametukanwa mara nyingi maishani na hakuwahi kuumia hivyo.

"Na kitambulisho changu?"

"Kiko kwenye faili, pamoja na vile viwili vya bandia, iwapo polisi watauliza. Matengenezo, kila siku ya thelathini."

"Faili litafungwa lini?"

Bi Masjala aligeuza kijitabu akamwonyesha jalada.

"Dhamana ikiisha, mwanangu. Miaka mitano."

Siku thelathini baadaye, saa moja asubuhi, simu iliita. Mhandisi aliitazama ikiita mpaka ikakata, ikaita tena. Saa mbili kamili alikuwa mlangoni, na koti lake jeupe na brashi mpya aliyoinunua mwenyewe, kwa sababu ile ya mwezi uliopita haikufika vizuri kwenye pembe za trei.