Wateja Kumi na Wawili wa Bi Sinzia

Jumatatu, 12 Januari

Theluji tangu alfajiri. Opal, mwanangu mchanga, ameamka mara nne. Mimi mara tano, na ile ya tano sijui niliamkia nini. Nimekwenda naye kazini, kwenye duka la vitabu vya katuni, nikaegesha kigari chake nyuma ya kaunta, katikati ya masanduku ya matoleo ya zamani. Akalala. Na mimi nikalala, ila nimesimama.

Habari mbaya! Bwana Ostby, mwenye duka, amesema hataagiza tena Bi Sinzia. Kila mwezi tunaleta nakala mbili. Moja naichukua mimi, ya pili inakaa rafuni mpaka inapauka. Tena kasikia wachapishaji wenyewe wataifuta mauzo yasipopanda.

Haiwezekani. Bi Sinzia ndiye shujaa pekee ninayemjua anayeruka akiwa usingizini. Akiamka nguvu zimekwisha, anabaki mama aliyecheuliwa begani. Toleo la 7 liliishia mtoto wake amepotelea kwenye ukungu, naye maskini usingizi hauji. Nitakaaje bila kujua kama alimpata?

Leland, mwenzangu wa kaunta, kacheka. Eti dada, nani atanunua shujaa anayekoroma? Yeye kipenzi chake ni Nahodha Tetemeko. Majalada saba kila mwezi, hadithi ndani ni ile ile, na kuna watu wanabeba yote saba.

Nikaipitia orodha ya maagizo. Chini kabisa, kwa herufi za kusoma kwa kukodoa: duka likiagiza nakala ishirini na tano za Bi Sinzia toleo la 8, linapewa moja ya ziada yenye jalada la nadra, limechorwa kwa rangi za maji. Ishirini na tano! Maduka yakifanya hivyo nchi nzima, Bi Sinzia amepona. Orodha inafungwa kesho jioni. Usingizi wote umenitoka. (Umerudi baada ya dakika kumi.)

Jumanne, 13 Januari

Bwana Ostby haagizi kwa kusikiliza ndoto za mtu. Anaagiza kwa kuhesabu visanduku. Kila mteja wa kudumu ana chake nyuma ya kaunta, kina jina, anwani, na orodha ya anachowekewa kila mwezi.

Basi wanatakiwa wateja. Nimewapata kumi na wawili nikija kazini na kigari. Majina yao nimeyachuma kwenye vibao vya mitaa. Bwana Elmer Birch. Bi Juniper Lake. Hata kichochoro cha nyuma ya kanisa kimenipa mteja. Kila mmoja anataka nakala mbili, ya kusoma na ya kutunza. Katika biashara hii hilo halimshtui mtu. Kumi na wawili kwa mbili mbili, na yangu. Ishirini na tano kamili!

Fomu ikataka anwani. Opal akaanza kulia. Nikaandika ya kwetu. Mara kumi na mbili.

Bwana Ostby kazisoma moja moja. Kasema kumbe mji huu bado una wasomaji. Macho yalimlowa kidogo. Nikajisikia vibaya sana, kisha Opal akataka nepi.

Jumatano, 4 Februari

Zimefika! Hilo jalada, sijui niseme nini. Bi Sinzia amelala hewani juu ya ziwa lililoganda, nywele zinapepea kama moshi, na chini ya barafu, mbali sana, kuna taa moja ndogo. Nililitazama mpaka duka zima likanyamaza. Nikaiacha chupa ya maziwa ndani ya maji ya moto. Opal kanikumbusha, na mtaa mzima ukasikia.

Randall, mwindaji wa majalada ya nadra, alikuwa mlangoni kabla hatujafungua. Kalipa dola mia na hamsini, hata hakubishana. Kavaa glavu kwanza, ndipo akalipokea, akalitia kwenye kasha la plastiki na kuliziba. Nikamuuliza, hutaki kujua kama atampata mtoto? Akauliza mtoto gani. Nikamwambia wa Bi Sinzia. Akauliza Bi Sinzia ndiye nani. Akaenda zake.

Yangu ya kawaida nimeisoma hapo hapo. Ukungu umezidi. Anasikia sauti ya mtoto, hajui inatoka wapi. Ukurasa wa mwisho, hatimaye, anafumba macho. Basi! Jibu liko toleo la 9.

Leland anavipapasa visanduku vilivyojaa. Wateja wako hawana haraka, dada. Nikamwambia ni theluji hiyo.

Jumamosi, 14 Februari

Dhoruba. Mume wangu Curtis yuko barabarani na gari la kuondoa theluji. Mimi na Opal sofani, nguo za kulalia mpaka saa nane mchana. Nikaota theluji inaanguka humu ndani, na kila chembe ina picha yake. Mtu akagonga.

Bwana Ostby! Theluji mpaka kwenye nyusi, boksi mikononi. Nilisahau kabisa. Kila dhoruba ikipiga, huwapelekea vitabu majumbani wateja wasioweza kutoka.

Anamtafuta Bwana Birch. Nikasema ametoka. Na Bi Lake? Nikasema wametoka pamoja.

Akatazama karatasi. Akatazama namba ya mlango. Akarudi kwenye karatasi. Kwetu ni chumba kimoja na nusu, na hiyo nusu ndiyo jiko. Akauliza, taratibu kabisa, hao wengine kumi wanalala wapi.

Nikasema wanalala kwa zamu.

Opal kacheua. Bwana Ostby kakaa, kaomba kahawa, hakunigombeza hata neno. Afadhali angenigombeza. Alipofika mlangoni akasema tu: binti, mimi nilikuwa nimeshawapenda wale watu.

Jumatatu, 16 Februari

Hukumu ya Bwana Ostby. Kazi ninayo, ila nakala zote ishirini na nne niziuze mwenyewe kabla mwezi haujaisha. La sivyo, toleo la 9 haliagizwi. Nikajitetea kwamba pesa za Randall zimeshafidia. Kasema pesa zimerudi, ndiyo, lakini kitabu ambacho hakikufunguliwa hakijauzwa.

Sikumwelewa. Mzee amechoka.

Leland kaniuliza kama Bi Lake ameolewa. Nikamwambia ndiyo, na mume ana wivu.

Alhamisi, 19 Februari

Leo maktaba, saa ya hadithi za watoto wachanga. Akina mama tisa wamekaa zuliani, wote macho kama yangu. Msoma hadithi amekwama kwenye theluji. Nikafungua Bi Sinzia, nikasoma kwa sauti huku Opal akitafuna pembe ya jalada. Nilimpokonya. Akalia. Sikumrudishia, nikambusu tu kichwani nikaendelea.

Nilipofika pale Bi Sinzia anapougeuza mto upande wa baridi na usingizi bado hauji, Noreen, mama wa pacha, akasema: jamani, nani kamwambia huyu mchoraji habari zangu?

Tisa zimekwenda hapo hapo! Sita nyingine kwenye duka la mashine za kufulia, maana anayesubiri nguo zake hana pa kukimbilia. Zilizobaki nitampa Noreen akaziuze kliniki. Walionunua wanataka kujua kama mtoto anapatikana. Kumi wameomba visanduku, na Bwana Ostby kampigia simu kila mmoja kuhakikisha anapumua.

Noreen anasema pacha wake wakitazama rangi za jalada hunyamaza. Hapo ndipo nimeijua siri ya mauzo. Ni jalada!

Jumatano, 11 Machi

Toleo la 9 limefika! Halijafutwa. Nakala kumi za akina mama na moja yangu. Na kwa kuwa duka limefikisha kumi, tumepewa moja ya ziada yenye jalada la rangi ya fedha. Bwana Ostby kanizawadia. Kasema nimeistahili, safari hii kwa watu wa kweli.

Ile yangu ya kawaida nimemuuzia mama mmoja aliyeingia kukwepa upepo. Ya nini, wakati nina ya fedha? Ya fedha nimeitia kwenye kasha la plastiki, nikaziba pande tatu kwa utepe. Ikifunguliwa inashuka thamani. Randall kanipa ofa ya dola mia mbili, nikamcheka. Hii ni ya kumsomesha Opal.

Saa sita mchana Noreen kapiga simu. Kaimaliza nakala yake, analia, anacheka, akaanza kuniambia, yaani wewe Marit, yule mtoto... Nikapiga kelele anyamaze! Leland kasema, fungua tu, dada, ni kitabu. Thubutu!

Sasa jioni, nyumbani. Opal amelala kifuani mwangu, mzito, wa moto. Nimeliegemeza jalada dirishani. Linameremeta kama barafu ya ziwa wakati wa kuyeyuka. Bi Sinzia anaruka, na mikononi ana kitu. Nikiliinamisha upande wa dirisha, ni mtoto. Nikiliinamisha upande wa taa, ni ukungu tu.

Nimeongeza utepe upande wa nne.