Peace Bado Ananyonya

Jumatatu, 10 Agosti 1964. Tororo

Sasa hivi Peace amenyonya, ameniuma, kisha amenitazama usoni na kucheka. Meno ya baba yake! Nimeguna tu, sikumsukuma. Anyonye. Maadamu ananyonya, hakuna wa kumchukua. Huku kwa kina Oboth, mume wangu, binti wa kwanza akiacha kunyonya huenda kukaa na bibi yake. Mama mkwe kule Kisoko ameshamtandikia kitanda. Kila akija anauliza: bado tu? Bado, mama.

Leo kaja naye wifi Awor, dada mkubwa wa Oboth. Mume wake, Oluka, ni mpishi kwenye meli ya ziwani, na mara moja kwa mwaka jamaa zake husafiri bure. Ananialika mimi! Jinja, kisiwa cha Bugala, Entebbe mji wa magavana wa zamani, halafu kurudi. Kisha akasema kwa sauti, mama mkwe anasikia: mtoto umwache Kisoko, meli si mahali pa mtoto.

Aha!

Mtu ambaye hajawahi kunipa hata chumvi, leo ananipa meli nzima? Nimekubali. Nimetabasamu. Mpango ninao.

Jumanne, 11 Agosti. Stesheni, halafu Jinja

Nimetokea stesheni na Peace mgongoni. Nikasema ana homa, hawezi kukaa mbali na maziwa yangu. Awor akasema polepole kwamba mwenye homa meli haimpokei. Nikasema imepona. Akamgusa paji la uso. "Imepona umesimama hapohapo, wifi?" Nikamwambia dawa za kwetu Busia ni kali. Akacheka, akanibebea kikapu.

Kwa nini acheke? Mtu aliyeharibiwa mpango hacheki. Basi anao mwingine.

Meli nyeupe, kubwa kuliko kanisa letu! Nimemnyonyesha Peace ngazini, mbele ya mabaharia na padri mmoja aliyegeuka kutazama maji. Wote ni mashahidi wangu.

Jumatano, 12 Agosti. Majini

Pigo! Oluka kamletea Peace mkate wa moto na siagi. Kala. Kaomba tena. Nilipompa titi akageuza uso, akapiga kelele "Kate! Kate!" watu wote wakageuka. Oluka akasema, "Anakua huyu, shemeji."

Anakua! Nalijua neno hilo. Kumbe mke ana maneno matamu na mume ana tanuri. Nikachukua mikate iliyobaki, nikawatupia ndege wa ziwani. Ndege wakanifuata meli nzima kwa makelele, mbele nyuma, mbele nyuma. Mama mmoja wa Kisumu akaniuliza samaki nauza bei gani.

Alhamisi, 13 Agosti. Bugala

Sijaona kijani namna hii. Msitu unashuka mpaka majini, miti imevaa miti mingine, kahawa inaota kando ya njia kama magugu, na mchanga mweupe kama unga. Peace alinyoosha kidole kwa kila kitu akisema "Hii! Hii!" Nikatamani baba yake angekuwepo.

Lakini sikuja kutazama miti. Wenzangu walipokwenda ufukweni nikajificha naye nyuma ya mti mkubwa, mbali na mikate. Akanyonya! Nikafunga macho kwa furaha. Siafu nao wakapanda.

Nilitoka porini nikiruka, gauni langu la gomesi juu ya magoti, mtoto kwapani. Abiria walidhani ni ngoma ya Busia. Wengine walipiga makofi.

Awor akaja mbio, analia. Honi ya meli imelia, alidhani mtoto kapotea. Alimpangusa Peace kwanza, mimi baadaye. Machozi yote hayo kwa mtoto wa mwenzako? Ya nini?

Ijumaa, 14 Agosti. Entebbe

Nyumba za kale, mapaa mekundu, baraza pana. Mzee anayetembeza wageni alieleza kwamba hapa magavana walikaa wakinywa chai na kuamua mambo yetu. Sikumsikiliza. Awor alikuwa amemnunulia Peace viatu vikubwa kuliko mguu wake. Vya kukulia! Akulie wapi? Kisoko!

Nikamwuliza wazi. Akakaa chini kwenye nyasi za ile bustani kubwa, amechoka kabisa. Akasema mama alipanga kuja kumchukua mtoto Jumatano hii iliyopita, na kuku na kitenge cha sherehe. Ndiyo maana akatafuta safari ya haraka, atutoe wote wawili. "Nilisema umwache kwa sababu mama alikuwa anasikia. Nilijua hutamwacha, wifi. Wewe? Labda ufe." Tukifika, yeye atamwambia mama mtoto bado ananyonya. Mimi kazi yangu ni moja: ninyamaze.

Nikamshukuru. Lakini nimekaa nawaza. Ninyamaze kwa faida ya nani?

Jumamosi, 15 Agosti. Tororo

Mama mkwe alikuwa stesheni. Awor akaanza: mama, mtoto mzima, ananyonya vizuri. Hapo nikawaona wanatazamana. Macho yaleyale, mtu na mama yake! Wamepatana hawa! Nikadakia: "Usimsikilize, mama! Ni yeye na mume wake na mikate yao waliomfanya akatae kunyonya!"

Mama mkwe akaniuliza kwa upole sana: "Kumbe ameacha?"

Awor akajifunika uso kwa kitambaa. Akasema humohumo ndani kwamba ni mawimbi tu, akikanyaga nchi kavu atanyonya. Mama mkwe akasema sawa, atalala kwetu, aone kwa macho yake.

Jumapili, 16 Agosti. Nyumbani

Tangu asubuhi mama mkwe amekaa mkekani ananitazama kifua kama askari wa lango. Oboth kaenda kiwanda cha saruji, na leo ni Jumapili! Peace hataki. Nimembembeleza, nimemwimbia, wapi.

Awor kapita akitoka kanisani, kanitilia chupa ya asali mkononi. Jipake kidogo tu, akanong'ona, atarudi mwenyewe.

Nimeinusa. Asali. Nimeionja. Asali tupu. Hapo ndipo nikashtuka: kitu kizuri hivyo, bure? Sijipaki! Nimempa mama mkwe chupa nzima, na mkate, moyo wake ulainike. Mtu aliyelainika hamnyang'anyi mtu mtoto.

Na mpango unakwenda! Nawasikia wanacheka. Peace amempanda mapajani, analamba vidole vya bibi yake. Wazoeane kidogo, kisha nitamwambia mama kwa heshima arudi Kisoko na amani.

Ananiita. Anataka nguo za Peace, zote. Bila shaka asali imemwagika, anataka kumfulia. Mama mzuri! Nitampelekea zote, hata za baridi, ili ajue mimi si mtu wa kunyima.